Mwenye Jiko Aulizwe

Juma lililopita tulizungumza habari za soko na bei ya vyakula. Juma hili nawaomba tusogee mbele kidogo, tukifuate chakula hicho hadi kinakopikwa. Tuingie jikoni, chumba ambacho wanaume wengi tunakijua kwa harufu yake tu.

Nitawasimulia mambo ya nyumbani kwangu, na baadhi yake si ya kujisifia. Nyumba yangu iko Tanga mjini, mtaa wa Ngamiani. Ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi za hapa: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma kuna ua. Huko uani ndiko kuliko na choo, bafu na jiko. Marehemu baba aliijenga mwaka 1968, nami nikairithi. Mke wangu, mama Rehema, ameingia na kutoka katika jiko lile kwa miaka 27.

Nilipostaafu na kupata kiinua mgongo changu, nilianza na sebule. Nikaweka dari la jipsamu, nikanunua makochi mapya, nikabadilisha milango. Wageni wakaja, wakasifu, nami nikafurahi. Uani sikugusa kitu. Nilijiambia kuwa jiko ni jiko, mradi chakula kinafika mezani.

Basi, mama Rehema alifiwa na dada yake huko Korogwe, akaenda msibani, akakaa siku tisa. Nyumbani nikabaki mimi, mama yangu mzazi ambaye amevuka miaka 80, na wajukuu wawili. Jirani alitusaidia siku ya kwanza. Siku ya pili niliona haya, nikasema nitapika mwenyewe.

Ndugu wasikilizaji, niliingia jikoni saa kumi na moja alfajiri, nikatoka saa moja nikiwa nalia kama niliyefiwa mimi. Jiko lile lilikuwa chumba chenye mlango mmoja mfupi, na badala ya dirisha kulikuwa na tundu lisilozidi ukubwa wa tofali. Moshi wa kuni na makumbi ya nazi ulipanda, ukagonga bati, ukashuka tena kichwani mwangu. Kukata kitunguu ilinibidi nichutame. Maji yalikuwa kwenye bomba lililo upande wa pili wa ua. Siku ya tatu nilihesabu: hatua 31 kwenda na 31 kurudi, na kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimezikata mara 14, nikiwa na ndoo mkononi.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka wake akinitazama. Akasema, "Mwanangu, mbona unapumua hivyo? Hiyo ndiyo kazi ya mkeo tangu ulipomleta hapa."

Usiku ule lilinijia jambo jingine. Mama Rehema alikuwa na kikohozi cha usiku, kikohozi kikavu, kwa miaka mingi. Mimi nilikuwa nikisema ni upepo wa kaskazi, nikanunua dawa ya maji dukani, tukalala. Aliporudi kutoka Korogwe nilimpeleka hospitali. Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, kisha swali lake la kwanza halikuwa juu ya kikohozi. Aliuliza, "Mama, nyumbani mnapikia nini?" Nilikuwa nimeketi pale pale, na sikujua niutazame ukuta gani.

Si mama Rehema peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani, unaotokana na kuni, mkaa, mafuta ya taa na mfano wa hivyo, ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani, na miongoni mwao walikuwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Moshi huo huleta nimonia kwa watoto, na kwa watu wazima huleta maradhi ya mapafu, ya moyo na kiharusi. Wanaouvuta zaidi ni wale wanaokaa karibu na moto, yaani mama na mtoto aliye mgongoni.

Basi nikaamua kulivunja jiko na kujenga jingine. Na hapa, wasikilizaji, nilifanya kosa langu la pili. Nilimwita fundi mwashi, tukakaa barazani jioni moja, tukachora. Tulichora marumaru kutoka sakafuni hadi darini, kabati zenye milango ya vioo, na taa nne. Tulipomaliza nikasoma mchoro kwa sauti, kama mtu anayesoma bajeti. Mama Rehema alikuwa kando akichagua mchele. Akauliza taratibu, "Baba Rehema, hilo jiko ni la kupikia wewe au mimi?"

Fundi akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta penseli.

Mama Rehema akaweka ungo chini, akaokota kipande cha mkaa, akatuongoza hadi uani. Pale kwenye sakafu ya saruji akachora jiko lake. Kwanza dirisha kubwa, nalo lielekeane na mlango ili upepo uingie huku na kutokea kule. Pili, juu ya ukuta, chini kidogo ya bati, matundu ya kutolea joto na moshi. Tatu, bomba na sinki ndani, karibu na mahali pa moto, ili mtu ageuke tu badala ya kusafiri. Nne, meza ya zege ya kukatia na kupangia vyombo. Akasimama wima, akakunja kiwiko, akamwambia fundi apime kutoka sakafuni hadi kiwikoni, kisha apunguze kiasi cha shubiri moja ndogo. Ilipatikana sentimita 86. Tano, sufuria kubwa zikae chini, kwenye rafu zisizo na milango, kwa sababu sufuria ya pilau ya shughuli haipandishwi juu ya kichwa. Marumaru hakuyataja hata mara moja.

Baadaye nilisoma kisa kimoja kilichonifanya nimkumbuke kwa mchoro wake ule. Mwaka 1926, katika mji wa Frankfurt huko Ujerumani, kulikuwa na mpango mkubwa wa kujenga nyumba za wafanyakazi chini ya msanifu Ernst May. Huyu Ernst May mnamo 1934 alihamia huku kwetu Tanganyika, akalima karibu na Arusha, na baadaye akasanifu majengo Kenya na Uganda. Katika kundi lake la Frankfurt alikuwamo mwanamke, Margarete Schütte-Lihotzky kutoka Austria. Yeye alisanifu jiko dogo, upana wake kiasi cha mita 1.9 na urefu mita 3.4, likajengwa katika nyumba zipatazo 10,000. Hakuanza na urembo. Alianza kwa kupima hatua za mpishi na muda wa kila kazi, kisha akapanga kila kitu kifikiwe kwa hatua chache. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba wakati ule hakuwa mpishi wala hakuwa amewahi kuendesha nyumba. Ndiyo maana alilazimika kupima na kuchunguza kazi za wenye kupika. Mimi nami sikuwa mpishi, lakini nilichora bila kupima na bila kuuliza.

Mchoro ukapatikana. Likabaki la kuvunja, na hapo tukakutana na mama.

Asubuhi mafundi walipofika na nyundo zao, walimkuta mama ametandika mkeka mlangoni mwa jiko, ameketi, tasbihi mkononi. Ndani mlikuwa na mafiga yake matatu, mawe meusi aliyoyakuta kwa mama mkwe wake. Akasema figa halitolewi akiwa hai. Mimi nilikuwa nimeshalipa vibarua wa siku ile, jua linapanda, na hasira zikanipanda. Nilimjibu mama yangu neno ambalo sitalirudia hewani. Mama hakunijibu. Alisimama, akakunja mkeka, akaingia chumbani kwake, na mchana hakula.

Aliyeliponya jambo lile si mimi. Mama Rehema alikwenda akakaa naye kitandani hadi alasiri. Aliporudi akaniambia, "Mama halilii mawe. Anauliza, jiko likiwa la gesi, yeye atakaa wapi?" Ndipo nilipoelewa. Kwenye mafiga yale ndipo mama anapowachomea wajukuu muhogo. Hapo ndipo wanapomjia jioni kusikiliza hadithi. Mtu wa miaka 80 hana ofisi nyingine, nami nilikuwa nakuja kuivunja kwa nyundo.

Nilikwenda kumwomba radhi. Kesho yake mama mwenyewe alitoka, akamwonyesha fundi kona ya ua, upande upepo unakoelekea, mbali na madirisha. Tukakubaliana pajengwe paa dogo lisilo na kuta, mafiga yakae hapo pamoja na jiko la mkaa. Figa moja haliinjiki chungu, na mimi nilikuwa nataka kuinjika peke yangu.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana huenda kuna msikilizaji ambaye anakusudia kufanya kama mimi, nami singependa alipe ada niliyolipa.

Kabla ya kuvunja, zima umeme wa sehemu ile na ufunge maji. Toa bati kwanza, kisha mbao, kisha kuta kutoka juu kwenda chini. Kama paa lako ni la asbesto, kama zilivyo baadhi ya nyumba za zamani, usiruhusu lipigwe nyundo, kwa sababu vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Tafuta ushauri wa wataalamu kwanza. Letu lilikuwa bati la kawaida, lakini boriti zake zilikuwa zimeliwa na mchwa kiasi cha kuvunjika kwa mkono. Masizi yaliyokuwa kwenye kuta yalibanduka kama gome la mti. Nilikitazama kipande kimoja, nikafikiri juu ya kifua cha mke wangu.

Ukuta mmoja tuliutumia pamoja na bafu. Nilitaka usogezwe ili jiko liwe pana. Fundi akasema, "Mzee, huu umebeba boriti ya bafu, tuweke nguzo kwanza." Nikasema anataka kuongeza siku za malipo. Walipotoa matofali ya tatu, ukuta wa bafu ukapasuka kutoka juu hadi chini. Tukaweka nguzo tulizokataa kuweka, tukajenga tena sehemu ya bafu, na makisio yangu ya shilingi milioni 3 na laki 4 yakaanza safari ambayo ilikuja kuishia karibu na milioni 5.

Kosa jingine ni la mabomba. Bomba la maji machafu halilazwi kama mgonjwa, linahitaji mteremko. Kwa bomba la sinki, kila mita moja lishuke kiasi cha sentimita mbili na nusu. Chini ya sinki kuwe na kile kiwiko kinachobaki na maji daima, kwa sababu maji yale ndiyo yanayozuia harufu ya shimo isipande. Mimi nilimharakisha fundi bomba kwa kuwa mtu wa sakafu alikuwa akisubiri. Sakafu ikamwagwa, ikakauka. Siku tuliyomimina ndoo ya kwanza, maji yakasimama, yakafikiri, yakarudi. Ikabidi sakafu mpya ipigwe tindo. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni hii: usifunike bomba wala waya kabla hujaujaribu. Maji yapite, taa iwake, ndipo zege lifuate.

Meza ya zege nayo inataka subira. Tuliisuka nondo, tukaimwaga, tukaimwagilia maji asubuhi na jioni kwa siku saba, kwa sababu zege halipati nguvu kwa kukaushwa na jua, linapata nguvu kwa kushika unyevu. Mbao za chini hatukuzitoa mpaka zilipotimia siku 14. Wakati wote huo tulipika uani chini ya turubai, na mvua za vuli zikatukuta pale pale. Mama Rehema hakunung'unika. Siku moja tu, mvua ilipozima moto mara ya pili na wajukuu wanataka kwenda shule, alinitazama, akacheka. Nami nikaenda kununua maandazi.

Tulipofika kwenye lipu na rangi, mfuko ulikuwa umetoboka. Marumaru niliyoyaota kutoka sakafuni hadi darini yakabaki nyuma ya sinki na nyuma ya jiko la gesi tu, mahali panaporukiwa na maji na mafuta. Kwingine tukapaka rangi ya mafuta, nyeupe, inayofutika kwa kitambaa. Kabati za vioo hazikununuliwa hadi leo. Nakiri kuwa hakuna siku nimeona zinahitajika.

Mtungi wa gesi tuliuweka nje ya ukuta, umesimama wima, ndani ya kizimba cha nondo kinachopitisha hewa. Gesi hii ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inashuka na kutambaa sakafuni, ikingoja cheche. Ukitaka kujua kama mpira unavuja, paka povu la sabuni kwenye maungio uone kama linatoa mapovu, na usithubutu kuwasha kiberiti.

Jiko lilipokamilika, chai ya kwanza aliipika mama Rehema, dirisha limefunguliwa, kanga yake haina hata alama ya masizi. Mama alikaa kwenye kona yake mpya akapuliza moto wake, na wajukuu wakaenda huku na huku kati ya wanawake wale wawili. Maharage na makande bado tunapika kwenye mkaa, nje, kwa sababu chakula cha saa mbili humaliza gesi. Tukiloweka maharage usiku kucha, hata mkaa unapungua.

Serikali ya Tanzania mwezi Mei 2024 ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikishia asilimia 80 ya Watanzania nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni shabaha njema. Lakini mtungi wa gesi ukiingizwa katika chumba kama kile changu cha zamani, utamkuta mama bado amechutama gizani, na ndoo yake ya maji bado iko ng'ambo ya ua. Na siku fedha ya kujaza mtungi itakapokosekana, kuni zitarudi na moshi utakuwa na makao yale yale. Nishati na jengo viende pamoja.

Najua wapo wanaonisikiliza ambao hawana milioni tano, wala laki tano. Kwao nasema hivi: dirisha ni matofali machache ya kutoa, na huhitaji kubomoa nyumba. Tafuta fundi akuangalizie ukuta usiobeba mzigo, toboa matundu mawili yanayoelekeana, moja juu, jingine chini. Anika kuni zikauke, kwa sababu kuni mbichi ni moshi mtupu. Siku isiyo na mvua, pika nje. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa, hata kwa ajili ya kuota moto, kwa sababu hewa yake yenye sumu haionekani wala hainuki, na huua watu wakiwa usingizini. Mtoto mchanga akae mbali na moto.

Mtaniuliza habari za kikohozi. Kimepungua. Zipo siku anazolala usiku mzima. Lakini tuliporudi hospitali, daktari alituambia wazi kuwa si vyote vilivyoharibika kifuani vitarudi kama vilivyokuwa. Kwa hiyo sisemi kwamba jiko langu jipya limefuta miaka 27. Ninachoweza kusema ni kwamba fedha ya dari la sebule ingetosha kufungua lile dirisha zamani, siku ambazo mapafu yake yalikuwa mazima. Nilikuwa na fedha na nilikuwa na nyundo. Kilichokosekana ni kumuuliza.

Basi, baba mwenzangu unayenisikiliza, leo jioni ingia jikoni kwako. Usiingie kuonja mchuzi. Keti pale anapoketi yeye, moto ukiwa unawaka, kwa muda wa nusu saa. Kisha muulize mwenye jiko angependa nini kibadilishwe kwanza. Akikujibu, usimfundishe.